Chipu Iliyolala Ndani ya Gunia la Chai

Ekerenyo, Jumapili ya kwanza ya Agosti

Mjukuu wangu Kemunto,

Niliahidi kukueleza yote. Usicheke kuitwa mjukuu na msichana wa kidato cha tatu. Babu yako ni kaka yangu kwa mama mkubwa, basi mimi, Moraa, ni nyanya yako. Sote tu wazima, na ng'ombe amezaa.

Uliuliza kama kweli chipu ya kompyuta iliyo ndogo kuliko ukucha inaweza kufanya kazi. Juzi niliifunga pamoja na kipimajoto na betri ya saa, nikaiweka katikati ya gunia la majani ya chai, taa yake, inayowaka joto likizidi, nikaiacha nje kwa waya. Huamka kila dakika tano, hupima joto, kisha hulala tena. Ndiyo maana betri haiishi upesi.

"Inalala?" mama yangu akacheka. "Kama baba yako Sabato mchana!"

Alikuwa ameyashindilia majani kwa mguu ili yaenee gunia moja. Kumbe lori la kiwanda lilikwama matopeni, na majani yaliyoshindiliwa hupata joto, kisha hukataliwa kiwandani. Mama akagusa ya juu. "Bado baridi," akasema.

Papo hapo taa ikawaka. Akazamisha mkono hadi kwapani, akakuta ya ndani yana joto, kisha akayamwaga yote kwenye turubai, tukayatandaza. Lori lilipofika, yalipokelewa yote.

Nikaitazama chipu kwa heshima. Ilikuwa imeshalala tena.

Nijibu upesi: huko Eldoret, mama yako hupima nini kwa mkono, ingawa mkono haufiki ndani kabisa?