Sauti ya Mbao

Kamina, Jumanne tarehe 11 Novemba 2025. Asubuhi mvua nyepesi, hakuna upepo.

Yaya Kabwe, mkubwa wangu,

Mwanangu Gisèle amepona homa, amerudi shuleni. Ile pedali ya gitaa uliyonitumia kutoka Lubumbashi ni nzuri. Unakumbuka gitaa langu lilivyolia kama bati kwenye spika za kwaya. Jana nilijaribu polepole, nikiandika kila kipimo. Nilipunguza sauti za katikati, kisha nikachanganya nusu sauti ya waya wa gitaa na nusu ile ya pedali inayoiga maikrofoni. Saa kumi ikatoka sauti ya mbao tupu, kama mtu ameketi chumbani na gitaa lisilo na umeme.

Mume wangu Mputu aliisikia hivyo kutoka barabarani, akirudi toka kambi ya jeshi. Alivunja mlango kwa teke.

"Mwanaume iko wapi?"

"Papa Gisèle, ni miye njo napiga."

"Weye? Ya kwako inaliaka sawa sufuria! Umutoshe inje!"

Alichoma kisu godoro lote akimtafuta. Nikapiga wimbo ili asikie. Akasikia kuwa ni miye. Majirani waliojaa mlangoni wakacheka. Ndipo akalipasua gitaa juu ya mkono wangu wa kushoto. Vidole viwili vimevunjika. Naandika kwa wa kulia.

Usitume gitaa lingine. Leo asubuhi Mputu amerudi zamu kambini hadi Jumamosi. Njoo utuchukue, miye na mtoto, kabla hajatoka.

Tuko kwa Mama Émerence, mwimbaji mwenzangu.

Mdogo wako,
Tshiala

Naenda kulala, saa moja na nusu jioni.