Mchele Ulioutia Kwenye Bomba

Kibaoni, Ifakara

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mkono umekataa kuanza kwa namna nyingine yoyote, ingawa hii ni wiki ya tisa tangu tukuzike na salamu yangu haina wa kuiitikia.

Naomba uniruhusu nitoe taarifa kwa utaratibu, kama ulivyotaka niongee tangu nikiwa shule ya msingi. Mama ni mzima wa mwili. Amehamia chumba cha mbele. Anasema chumba chenu kimekuwa kikubwa mno. Shamba la Michenga lilipata maji kupita kiasi, tumevuna nusu, na nusu nyingine imelalia tope. Kisima chenu cha kutafutia mafuta kipo, yaani kile kinguzo cha zege walichokiacha katikati ya mpunga baada ya kuziba shimo. Ng'ombe wa wafugaji hujikuna pale. Bamba la chuma lenye jina la kisima limelegea upande mmoja.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya hayo. Nakuandikia kwa sababu ya sentensi moja niliyoiandika ungali hai, na ambayo uliisoma.

Unakumbuka siku nilipokupigia simu kutoka Dar es Salaam kukueleza kwamba mimi, mwajiriwa mpya kabisa wa shirika la mafuta, niliye bado kwenye mkataba wa majaribio, nimekabidhiwa kuandika historia ya utafutaji wa mafuta katika bonde letu. Ulicheka, ukasema, "Basi wamempa mwenye nyumba aeleze njia ya chooni." Nilikuja nyumbani na kinasa sauti, nawe ukanisimulia jioni tatu mfululizo. Jinsi wapimaji walivyokuja kwanza na nyaya zao ndefu, wakazilaza katikati ya mashamba, na wewe ukiwa kibarua wa kuzibeba na, siku za zamu, kuwapikia kambini. Jinsi kisima cha kwanza kilivyotoka kikavu. Jinsi cha pili kilivyokupandisha cheo ukawa mkusanya sampuli: ukisimama kwenye chekeche, pale tope la kuchorongea linapotoka shimoni, ukikinga vipande vya mwamba, ukiviosha, ukivikausha, ukiandika kila kifuko kimetoka kina gani. Jinsi ulivyouona mchanga wa kahawia unaonuka mafuta ya taa, ukarudi nyumbani na harufu hiyo mikononi, na Mama akakuambia, "Nawa kwanza, ndipo umshike mtoto." Mtoto huyo nilikuwa mimi.

Mafuta yalikuwepo. Yalikuwa kidogo, nao wakaona hayawalipi, wakamimina zege, wakaondoka. Sampuli za ofisini zilipotea katika kuhamahama. Zikabaki zako tu, nakala uliyoruhusiwa kuichukua, katika vifuko alivyovishona Mama kwa kitambaa cha magunia ya unga, vimepangwa chini ya kitanda pamoja na daftari lako.

Nilivichukulia kama hazina. Kisha nikavifanyia jambo ambalo hadi leo naona haya kulieleza.

Chuoni tulifundishwa kwamba kipande cha mwamba hakifiki juu mara tu kinapokatwa. Hupanda na tope linalosukumwa chini ndani ya bomba na kurudi juu, na safari hiyo huchukua muda, huku kekee, chuma kinachokata mwamba, ikiendelea kushuka. Mtu asiyejua hilo huandika kina cha kekee badala ya kina cha mwamba. Nikaona elimu ya darasa la saba, nikaona mwandiko wa kalamu ya risasi, nikahitimisha kwamba hukujua. Nikapunguza namba zako zote kwa hesabu yangu. Ule mchanga wa mafuta ukapanda juu kupita mahali vipimo vya mashine vilipouonyesha, kwa tofauti inayozidi urefu wa mnazi. Sikuishuku hesabu yangu, nikazishuku namba zako. Nami, nikitaka wakubwa wajue kwamba sipendelei ndugu, nikaandika: "Kina kilichorekodiwa na mkusanya sampuli hakiaminiki, kwa kuwa hakuzingatia muda wa vipande kupanda." Nikasifiwa kwa sentensi hiyo, Baba. Mkuu wa kitengo aliisoma kwa sauti kikaoni.

Nilikuletea ripoti ikiwa imejalidiwa. Ulivaa miwani, ukasoma hadi mwisho, ukaifunga. Ulisema, "Sawa, Skola. Wewe ndiye umesoma." Nikadhani umenibariki. Mama ameniambia baada ya mazishi kwamba asubuhi iliyofuata ulivitoa vifuko vyote chini ya kitanda ukavipeleka kibandani, kwenye majembe na pumba. Alipokuuliza, ulimjibu, "Havina kazi tena." Mvua ilipokuja, paa la kibanda lilivuja. Vingi vimeota ukungu, na vingine maandishi yake hayasomeki tena. Presha ilipokuchukua, vilikuwa hukohuko.

Siku ya misa ya arobaini, watu walipokuwa wakila, Mzee Kasiani, mwenzako wa kwenye chekeche, alitazama sinia la wali akaanza kucheka peke yake hadi akapaliwa. Akasema, "Huyu marehemu alitumalizia mchele kambini! Kila wakiunga bomba jipya, anachota kikombe anautia ndani ya bomba. Tukamwuliza, we mzee, unamlisha nani huko chini? Unafuga jini? Yeye anatazama saa tu. Ukitokea kwenye chekeche, punje nyeupe hizi hapa, anaandika."

Waombolezaji walicheka. Mimi niliinuka nikaenda kulitafuta daftari lako.

Kwa maana niliiona ile mistari, Baba. Katika kila ukurasa wa daftari: "Mchele, saa nne na dakika kumi. Saa tano kamili." Niliiruka yote. Nilijua uliwahi kupika kambini. Nikaamini ni saa za kuinjika na kuepua. Mtoto wa Ifakara akiona neno mchele, anaona sufuria. Niliwahi hata kujiambia kwa mzaha kwamba wali gani huu unaozidi kuchelewa kuiva kila wiki. Kumbe kila wiki shimo lilizidi kwenda chini. Ulikuwa ukipima safari ya mwamba kwa mchele wa kambini, kisha ukiipunguza kwenye kina kabla ya kuandika kwenye kifuko. Nami nikapunguza mara ya pili.

Nilikaa na daftari siku nne. Niliondoa hesabu zangu, nikaziacha zako jinsi zilivyo. Mchanga ulirudi mahali palepale mashine zilipouonyesha.

Nilirejea Dar es Salaam nikamwomba Mkuu wa kitengo nafasi. Alinisikiliza kwa upole. Akasema namba zitarekebishwa kimyakimya katika toleo lijalo, hakuna haja ya kutaja nani alikosea. Mkataba wangu unajadiliwa mwezi huu, na kijana mwenye akili hajitangazii makosa. Nakiri kwamba niliomba siku mbili za kufikiri. Unajua nilivyoitamani kazi ile. Unajua ni shamba gani liliuzwa ili nisome. Siku ya tatu nilimpelekea ukurasa wa masahihisho, nikaomba uingizwe wote au niandikiwe kukataliwa. Umeingizwa. Wiki iliyopita nilipokea barua kwamba mkataba hautaendelea. Sababu haikuandikwa, nami sitaibuni.

Watu hapa Kibaoni wanasema nimerudi kupumzika. Mama anajua, ila haniulizi.

Nisikudanganye kwamba nina amani. Wewe ungeitoa sentensi ile kwa maneno matatu, "Nilitumia mchele, Skola," na hukuyasema. Wakati mwingine nakukasirikia kwa hilo. Kisha nakumbuka kwamba nilikuletea kitabu kilichokwisha kujalidiwa, na kwamba katika jioni zile tatu za kinasa sauti nilikuuliza habari za wapimaji, za mitambo, za wageni walikula nini, na sikukuuliza hata mara moja wewe ulifanyaje kazi yako. Nimezisikiliza tena zote. Swali hilo halimo.

Ukurasa wa masahihisho ni mfupi. Jina lako limeandikwa kamili, pamoja na la ubatizo, kisha: "Kina alichokirekodi kilikuwa sahihi tangu siku kilipoandikwa. Kosa lilikuwa la mwandishi wa ripoti hii, ambaye ni binti yake, na ambaye hakumwuliza." Walitaka niondoe maneno matatu ya mwisho. Nilikataa.

Pumzika, Baba, mahali pasipo na zamu. Nakuahidi kwamba sitaandika tena juu ya kazi ya mtu aliye hai kabla sijaketi naye anieleze, hata akiwa hajui kuandika jina lake. Vifuko vilivyosalimika nimevirudisha ndani, vipo chini ya kitanda changu. Vile ambavyo maandishi yamefutika nimeviweka peke yake. Sijaviandikia kitu. Wa kuniambia ni vya kina gani hayupo.

Mwanao,
Skolastika