Nani Atakaa na Mama

Jumatatu, 3 Machi
Somo la kwanza la uchumi, darasa la jioni. Nimetoka saluni moja kwa moja, mikono bado inanuka dawa ya nywele. Mwalimu anasema uchumi si mambo ya fedha tu, ni sayansi ya jamii: unachunguza watu wanavyochagua, maana muda na vitu havitoshi. Kile unachokiacha ili upate kingine — gharama mbadala. Nilicheka peke yangu. Maisha yangu yote ni kuacha, leo ndipo nimelijua jina lake.

Alhamisi, 6 Machi
Mama amepooza upande wa kulia. Daktari kasema asiachwe peke yake.

Jumapili, 9 Machi
Kikao sebuleni. Kaka mhasibu, dada mwenye duka la dawa, na mimi msusi, kitinda mimba. Kaka akasema tuamue kwa akili, si kwa machozi: nani akiacha shughuli zake tutapoteza kidogo zaidi? Wote wakanitazama. Nikasema na mimi nasoma. Dada akajibu kwa upole, na upole ndio uliouma: "Mdogo wangu, si ndiyo kwanza umeanza?"
Mlango wa chumba cha Mama ulikuwa wazi. Kasikia yote.

Jumanne, 18 Machi
Nimemgeuza, nimemwogesha, nimefua mashuka, amechafua, nimefua tena. Kaka kapiga simu: eti nashindaje hapo nyumbani bila kazi.
Bila kazi!
Akilala nasoma daftari la mwenzangu wa darasani. Limeandikwa: kazi za nyumbani zisizolipwa haziingii kwenye pato la taifa. Hata kwenye pato la kaka haziingii.

Ijumaa, 28 Machi
Mtihani leo saa kumi na moja jioni. Dada aliahidi kushika zamu. Sasa hivi kapiga — duka limejaa, nimwelewe. Eti mtihani unarudiwa, wateja hawarudi. Nikamwambia nimeshavaa. Kakata simu.
Nimemwita jirani, kaja mbio, Mungu ambariki. Ila Mama hataki mgeni amvue nguo. Kanishika mkono wa kushoto, naandika kwa huu mwingine, daftari gotini. Maneno yanamtoka nusunusu. "Nenda," anasema. "Nenda, mwanangu."
Haniachii.
Jirani yuko mlangoni, anauliza aingie au aondoke.