Dada Uliyeuliza Kwanza Panapouma

Mwaka umetimia sasa, Dada, tangu ulipotutoka, na mlango wa nyuma bado hatujauzoea. Huko ndiko ulikoingilia kila jioni, kwa sababu Mama alikupiga marufuku kupita sebuleni na viatu vya bandani. Viatu vyako vya mpira viko pale pale, kimoja kimeegemea kingine. Hakuna aliyevitoa, wala hakuna aliyesema visitolewe.

Mtaani walikuita Mama Majibwa. Walianza kwa kejeli, ulipopata kazi ya kutunza na kufunza mbwa wa ile kampuni ya ulinzi: mwanamke, tena mfupi, anakokotwa barabarani na mijibwa miwili. "Huyu anatembeza mbwa au mbwa wanamtembeza yeye?" waliuliza wale wa duka la vipuri, wakipigana vikumbo. Ukawajibu bila kusimama, "Tunatembezana. Nyie mbona hata wa kuwatembeza hamna, mmeota mizizi hapo tangu asubuhi?" Jina likabaki, kejeli ikaenda zake. Siku ya kukuzika, wale wale wa vipuri walifunga duka. Ndio waliobeba viti.

Tunakumbuka ulivyonawa kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia, na bado ukanuka mbwa. Mumeo alizoea kusema kwamba aliposa mke mmoja akapewa harufu ya kikosi kizima. Ulinusa masikio ya mbwa kama mtu anavyonusa maziwa ya jana. Ulitembea na kifuniko cha sufuria mkobani, ukikigonga nyuma ya kisogo cha kila mbwa mpya ujue kama anasikia. Na ulikuwa na ule mtindo wako wa kumwacha mbwa alale sakafuni, kisha ukasimama kando, mikono nyuma, ukingoja ainuke. Wenye mbwa waliona unapoteza muda. "Namsoma," uliwaambia. "Kulala kila mbwa anajua. Nitazamie kuinuka kwake."

Tukiwa mezani, tupende tusipende, ulitusomesha. Ulisema kila aina ya mbwa ina mzigo iliozaliwa nao, na binadamu ndiye aliyeufunga mzigo ule. Shepadi ana nyonga, na ana wasiwasi. Mfungie peke yake kutwa, utamkuta amejitafuna mkia. Rotwaila ana viwiko na magoti, na ukimlea kwa fimbo atakuja kukurudishia fimbo yako kwa meno. Mweupe wa madoadoa, mara nyingi kiziwi. Wa masikio marefu yaliyolala, masikio yanaoza polepole huku mwenye mbwa akilalamika kwamba mnyama siku hizi ana kisirani. Chiwawa ni meno mabovu, na woga ambao watu huuita ukali kisha wakaucheka, kwa sababu uko kwenye mwili mdogo.

Wifi yako alipotuletea kale kambwa kake ka pua bapa, akatuambia tusikilize kanavyokoroma kama mzee, wote tulicheka. Wewe ulipiga magoti ukaweka sikio kifuani mwake. "Wifi, huyu hakoromi," ulisema. "Huyu anatafuta hewa." Wifi alinuna wiki nzima. Lakini tangu siku hiyo anamtembeza asubuhi kabla ya jua kuwaka, na kamba ameitoa shingoni, ameifunga kifuani. Hajawahi kukiri kwamba ni wewe uliyemwambia. Anakiri leo, hapa, mbele ya watu.

Na kwa kuwa hapa ni mbele ya watu, yapo ambayo hatutayameza eti kwa sababu msiba hautaki makelele. Wewe hukuyameza. Ulisema mpaka sauti ikakukauka kuhusu wale wanaompandisha jike na mwanawe wa kumzaa, ili wapate mgongo ulioteremka kama paa, ili picha ipendeze, ili mnunuzi aseme huyu ni wa ukoo. Ukoo gani huo usioweza kupanda ngazi? Ulisema juu ya wanaouza mbwa "mkali" wakijua fika kwamba anaumwa, na juu ya wanunuzi wanaomtia kwenye banda la bati, kisha wakashangaa kwamba hana adabu. Walikuita mropokaji. Tunawakumbuka, mmoja mmoja. Kumbukumbu ya familia hii ni ndefu, na sehemu yako ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote.

Tunamkumbuka pia mkuu wa kikosi, na yule mbwa wa madoadoa.

"Huyu kaidi," alikwambia. "Anaitwa, haji. Ukimsogelea anageuka na meno. Kesho hayupo."

"Anapoitwa, anakuwa anakutazama au amekupa kisogo?"

"Mbwa anaitwa, anakuja. Habari za kisogo kaongee na kinyozi."

Ukatoa kifuniko chako, ukakigonga nyuma ya mbwa aliyekuwa amelala kivulini. Walinzi walishtuka, mmoja akamwaga chai. Mbwa hakutikisa hata sikio. "Haya, mkuu, mcharaze," ulimwambia. "Huenda fimbo ikamzibua." Hakumcharaza. Ukamfundisha mnyama yule kwa ishara za mkono, na kwa kukanyaga sakafu kwa kisigino ajue kwamba kuna mtu anakuja. Akalinda ghala mpaka uzeeni, na walinzi wenyewe wakazoea kukanyaga kwa nguvu wanapomkaribia, kama gwaride la watu watatu.

Kwanza mwili, ndipo tabia. Ndilo neno ulilotuachia. Na karibu tulizike pamoja nawe.

Kifua kilipoanza kukubana ulisema ni manyoya tu, na ukiisha kusema, nani alikupinga? Ulikwenda ghafla. Nyumba ikajaa watu. Viti havikutosha, ukumbi wa nyuma ukahitajika, na mmoja wetu akaliondoa lile zulia kuukuu la mbwa wako Bimkubwa, akamhamishia mwenyewe uani, kwenye saruji. Hakuna aliyelifikiria mara mbili. Zulia la mbwa, siku kama ile.

Bimkubwa wako, shepadi jike, uliyemleta nyumbani kampuni ilipomchoka, na ukampa jina hilo kwa sababu alikagua kila mgeni mlangoni kabla hujamkagua wewe. Wewe ukiwepo, hakuna aliyemgusa vibaya, ulikuwa katikati yetu na yeye siku zote, ukisema "mpishe," "mwache kwanza," "si kiunoni." Tulikusikia tukadhani ni mapenzi ya kupindukia. Ulipoondoka, katikati pakabaki patupu.

Asubuhi moja, maji ya chai yakiwa jikoni, Mjomba alikuwa ameketi uani, Bimkubwa amejilaza kando ya kiti chake. Mjomba alitaka kusimama. Akaegemeza mkono pale palipokuwa karibu, yaani juu ya kiuno cha Bimkubwa, akajisukuma kwa uzito wake wote. Bimkubwa akageuka akamng'ata kiganja.

Familia ikakaa kikao. Mjomba, mkono umefungwa kitambaa, ndiye aliyekiongoza.

"Mimi si mtu wa visasi," alisema. "Lakini mbwa akishaonja mtu, ameonja. Kuna watoto humu. Nimeshampigia yule mlinzi wa kule kampuni, anakuja Jumamosi na bunduki yake. Tumshukuru mnyama, tumpumzishe."

"Pengine ni huzuni," alisema Wifi. "Amempoteza mwenyewe."

"Hata mimi nimempoteza. Nimemng'ata nani?"

Tukacheka kidogo, tukaona aibu. Mumeo hakucheka. Alikuwa ameketi karibu na mlango wa karakana yake ya useremala, ambao haukuwa umefunguliwa tangu mazishi, akichezea funguo. Aliulizwa anasemaje. Akasema, "Mbwa alikuwa wake," akarudia funguo zake. Ikaeleweka kwamba ameridhia, na hakuwa ameridhia, alikuwa amechoka. Hivyo ndivyo kitu kimoja cha mwisho kilichopumua na kukungoja jioni kilivyokaribia kutoka mikononi mwetu, bila ubaya wa mtu.

Mama ndiye aliyekuwa hasemi. Unamjua, akinyamaza ana lake. Bimkubwa alikuwa amelala palepale kwenye saruji, na wakati ule akaamua kuinuka aende kivulini. Alijivuta kwa miguu ya mbele. Ya nyuma akaikusanya pamoja kama sungura, akasita, akatetemeka, akajaribu tena. Mama akamtazama tangu mwanzo mpaka mwisho, mikono nyuma. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Wewe, jana asubuhi ulinishika wapi ukitaka kunisaidia kutoka kitandani?"

"Kiunoni, Dada."

"Nikakwambia nini?"

Mjomba akainamisha kichwa. "Hayasemeki mbele ya watoto."

"Mbona hukuniitishia kikao?"

Mjomba akatazama kitambaa cha mkononi mwake.

"Mimi nalala kwenye godoro na nyonga zinaniwaka moto," alisema Mama. "Huyu mmemlaza kwenye saruji tangu msiba uanze, na zile siku za baridi zote. Mwanangu alikuwa anauliza kitu gani kwanza? Nyie mliokuwa mnakula naye meza moja, alikuwa anauliza kitu gani?"

Tulijua. Tulikuwa tunakijua kama majina yetu.

Daktari wa mifugo, yule rafiki yako mliyebishana naye miaka yote mkikubaliana, alikuja kesho yake. Akampapasa Bimkubwa polepole, akamnyoosha mguu mmoja kidogo sana, Bimkubwa akalia. Akatueleza kwamba kichwa cha mfupa wa paja kimelegea kwenye kikombe chake cha nyonga, mifupa inasagana, na kwamba huyu ni mbwa aliyezaliwa na kasoro hiyo, si mbwa aliyeharibika. Akasema saruji imemzidishia. Dawa tunazo, alisema, ila ya kwanza ni mbao: asilale chini tena. Halafu akavua miwani akaifuta muda mrefu, kwa sababu alizoea kuyasema haya ukiwa unamkatiza.

Mjomba akatoka nje kupiga simu. Tulimsikia akimwambia mlinzi asije. "Hapana, hajafa. Ni nyonga. Nyonga, wewe, hujui nyonga? Ndiyo, mkono unauma. Utapona."

Na mumeo, Dada, akasimama, akaingiza ufunguo kwenye kufuli ya karakana. Tukasikia msumeno. Hakuna aliyemfuata. Jioni alitoka na kitanda cha mbao, kifupi, ukingo wa mbele ameuteremsha ili miguu isipande sana, pembe zote amezipiga msasa. Akakiweka ukumbini, mahali pale pale pa zulia, akalitandika zulia juu yake. Kisha akaketi chini kando yake na kulia kwa mara ya kwanza mbele yetu. Bimkubwa akaja akamkagua.

Tunakuandikia haya ujue Bimkubwa aliko. Yuko. Amekuwa mweupe mdomoni. Anayemtembeza asubuhi ni Mjomba, kwa mkono wenye kovu, na mtu akimuuliza kwa nini anatembea taratibu hivyo anamtolea somo zima la nyonga hadi mwulizaji aombe ruhusa ya kuondoka. Watu wa vipuri wanamwita Baba Majibwa. Anajifanya hapendi.

Saa ile ya wewe kurudi kutoka kazini, Bimkubwa bado anaijua. Anajivuta kwa miguu ya mbele, anaikusanya ya nyuma, anasita, anajaribu tena. Anakwenda kusimama mbele ya viatu vyako. Hakuna anayemharakisha, hakuna anayemshika kiuno. Mama humsubiri amalize kuinuka, kisha naye huinuka kitini mwake, kwa mtindo ule ule, naye hatumshiki. Wanakwenda mlangoni wawili hao, wanatazama nje, wanarudi.

Wanaokukumbuka ni mumeo fundi seremala, mama yako mzazi, mjomba wako, kaka yako na wifi yako, pamoja na yule wa pua bapa, sisi wadogo zako tuliokula meza moja nawe, watoto wako wawili, ambao sasa hunusa masikio ya kila mbwa wanayekutana naye na kututia aibu mitaani, daktari, rafiki yako, na walinzi wa kikosi, wanaokanyaga kwa kisigino mpaka leo ijapokuwa yule wa madoadoa hayupo tena.

Pumzika, Dada. Mlango wa nyuma tutauacha wazi, na maadamu yupo mmoja wetu wa kuuliza kwanza panapouma, hutasahaulika.