Baridi ama Moto?

Alhamisi, Al Sadd

Bado naona aibu. Mzee Mbelgiji aliagiza bia ya kwao pale baa ya hoteli ninakohudumu, nami maneno yakanitoka: "Baridi ama moto?" Kama niko kwetu Nakuru, si huku ughaibuni! Halafu nikaimimina polepole isitoe povu.

Hakukasirika. Alinionyesha: suuza glasi, acha povu la vidole viwili, likate juu kwa kisu. Akasema bia hii mwanzoni ilipikwa kwa ajili ya Krismasi.

Nikamwambia marehemu baba pia alikunywa Krismasi tu, chupa moja ya moto, yaani isiyoingia friji. Povu kwake lilikuwa wizi wa bia.

Mzee akamaliza glasi yake. Kisha, "Niletee nyingine. Ya moto, bila povu."

Akainywa yote, uso umemkunjamana kama anayemeza dawa, na hakuacha hata tone.