Nywele Ambazo Hazijanyolewa

Kukhu,

Baba alirudi kutoka mazishi yako amenyolewa kichwa chote, nikakaribia kutomtambua. Alionekana mdogo. Nilitaka kumhurumia, lakini alikuwa ameniacha huku Kitale nimefungiwa, wakati wajukuu wako wengine wanakutupia udongo. Nakuandikia kwa hasira, unisamehe.

Unajua chuma hunifuata tangu nizaliwe. Basi alisema, "Ukikaribia sanduku, misumari itang'oka ikufuate. Unataka watu waseme nini juu ya mama yangu?" Nikamwambia nitasimama mbali, kule kwenye miwa. Akakataa. Na kunyolewa siku ya tatu baada ya mazishi, kama wafiwa wote, je? Akasema wembe hauwezi kutulia karibu nami. Hapo alisema kweli.

Habari za chumba changu ulizisikia tu. Kitanda cha kamba, kijiko cha mti, mlango uliozuiwa na gogo kwa nje. Kufuli hakuweka, maana kufuli ingenitii. Amenifungia hivi tangu ile trela ya miwa ilipoteremka kumwelekea mtoto wa jirani yako, nikainua mikono, ikasimama. Watu walikimbia. Wewe ulimbeba mtoto, ukamfuta makamasi, ukaniambia, "Nekesa, mkono kama huu haufichwi." Jioni hiyo hiyo Baba akaja kunichukua. Ananipenda, najua. Ananipenda mpaka nakosa hewa, na hakuna wa kumwambia.

Ni wewe tu uliyekuwa ukimwambia kaa chini, akakaa.

Leo nimekumbuka ulivyokuwa ukipoteza sindano kwenye mkeka. Unaniita kwa kunibembeleza, natandaza kiganja, inakuja mbio. Ulicheka kila mara. Mimi nadhani nyingine ulizitupa makusudi.

Juzi Baba alileta kipande cha chupa, akasema ataninyoa hapa hapa, yaishe. Nikashika kichwa kwa mikono miwili. Nikamwambia nitanyolewa kwako Kabuchai na shangazi, ama sinyolewi. Sikuwa nimewahi kumkatalia kitu maishani. Alisimama na kile kipande mkononi, kisha akatoka, nikamsikia akiongeza gogo la pili.

Sasa nikwambie jambo ambalo mimi na yeye hatujawahi kulitamka. Paa la nyumba hii ni mabati, Kukhu. Mabati na misumari. Ningeweza kulifungua siku yoyote, na Baba anajua. Si gogo lililonizuia. Ni adabu, na woga kidogo. Nilikosa kukuzika kwa sababu ya adabu, na hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Jumapili akienda kanisani nitafungua bati moja. Nitakuja, hata kwa miguu, na shangazi watatafuta chupa yao. Nitakaa kando ya kaburi lako mpaka nichoke kulia, na nikiona mtu anahitaji mikono hii, sitaificha tena.

Pumzika, mama wa baba yangu. Usiwe na wasiwasi juu ya mtoto wako. Nikishatoka, bati nitalirudisha na misumari yake yote, asinyeshewe.

Mjukuu wako,
Nekesa