Nusu ya Kitenge, Shingoni

Jumatatu, tarehe 4 Machi 2024

Magoti yangu! Mji wetu Mungu aliukata vipande viwili: Kamembe huku juu, Cyangugu chini kwa ziwa, kwa douane, mupaka wa kuingia Bukavu, Congo. Katikati mulima. Njia ni moja tu, pale milima miwili inaachana kidogo — tunapaita Shingoni. Malori, pikipiki, baiskeli za mizigo, bamama na vitunga kichwani, yote inapita pale, yote inapiga honi ama inapiga kelele.

Nimeshusha tomati Bukavu, nimerudi. Mutoto wangu Ingabire alibaki Shingoni kwa mukecuru, yule bibi mzee Nyirabagenzi, kama kila siku. Mukecuru anatuchungia batoto chini ya mabati yake, sisi tunavuka. Macho yake imechoka, sura zetu hazioni vizuri. Ndiyo maana kila mama anapasua kitenge mbili: nusu anafungiwa mutoto, nusu mama anajifunga kiunoni. Huna nusu, hupewi mutoto. Hata baba yake akuje na suti!

Yetu ni ya njano, ya ndege. Ndiyo niliolewa nayo.

Nikipata meza ndani ya soko ya Kamembe sitapanda tena. Nitauzia pale, mutoto miguuni. Nimeomba. Wanasema ningoje. Nangoja.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mama mukwe amefika kutoka kijijini kwake Nkungu, na maharagi na ndizi. Amemuogesha Ingabire — ile mikono yake! Mutoto alilala kabla ya kukauka.

Halafu ameanza. Kwamba mutoto anakohoa. Kwamba Shingoni ni baridi na moshi ya malori. Kwamba nimuachishe titi, yeye amupeleke Nkungu, mvua ikiisha atamurudisha.

Mvua ikiisha! Wifi yangu Vanessa aliambiwa vile vile. Mutoto wake sasa ameanza masomo kulekule, na akimuona mama yake anamwita "Vanessa". Kama jirani.

Nimejibu tu, "Tutaona, Mama." Bwana yangu Mugabo nimemupigia, yuko kwa chantier, kazi ya kujenga, Kigali. Anasema mama yake ana roho nzuri. Najua ana roho nzuri. Ndiyo shida yenyewe.

Mama anabaki wiki moja.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Siku kuu ya bamama. Mulima haujaambiwa.

Latifu, yule anasukuma baiskeli ya mizigo, amenikuta napumua kwa kona. "Maman Ingabire, leo siku yenu! Basi sukuma wewe, mimi nikae juu ya magunia nikupigie makofi!" Nimecheka mpaka kitunga kimetaka kuanguka.

Lakini nimefanya ujinga. Mvua ilikuwa, ngata yangu ililowa, nikakunja nusu ya kitenge nikaiweka chini ya kitunga. Tomati zikapasukia mule. Kurudi kwa mukecuru jioni — nyekundu yote! Mukecuru anauliza: "Hii ya nani? Yenu ni ya njano." Ingabire ananiona, ananyoosha mikono, analia. Maziwa inashuka yenyewe. Mukecuru hana haraka. Amekamata ukingo wa yangu na ukingo wa ile ya mutoto, amepapasa kwa vidole, pale nilirarua vibaya zamani. Meno ya kitambaa yameingiana. "Haya. Ni wewe. Usifanye tena."

Nilikasirika. Sasa niko nawaza: kumbe anachunga kweli.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Misa. Nguo. Nimechoka. Mama ameuliza tena. Tutaona.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Naandika nimekaa juu ya kitunga, chini ya Shingoni. Mulima umeshuka! Udongo mwekundu umejaa barabara yote. Hakuna aliyekufa, asante Mungu. Lakini juu bado inamwaga mawe, polisi hawaachi mutu apite. Mvua nyingine inakuja, naiona kwa ziwa.

Ingabire yuko upande ule.

Kwa pembeni vijana wamejipanga juu ya majiwe, wamefungana kamba, wanapitisha vitu mukono kwa mukono: dawa, mikate. Latifu ni wa kwanza, matope mpaka kwa ndevu.

Simu. Mama mukwe. Yuko kwa mabati ya Nyirabagenzi, wameambiwa wahame pale kabla mvua ifike. Anapiga kelele: "Huyu mukecuru ananinyima mutoto! Mimi, nyogokuru, bibi yake!" Nyuma yake nasikia mukecuru: ataondoka naye mgongoni, hamupi mutu bila nusu.

Na mutoto analia. Ile ya njaa, naijua.

Halafu Mama ameshusha sauti. "Mwana wangu, tuma nusu. Ile taksi ya Nkungu ingali hapa. Kule kuna joto, kuna maziwa ya ng'ombe."

Nimesema, "Mama, Kamembe nyumbani kuna mulango na blanketi."

Yeye tena: "Tuma tu."

Mukecuru ni mzee. Na Ingabire mgongoni, kwa matope, na macho yale? Hapana. Mama ana miguu ya nguvu.

Nimefungua kitenge kiunoni. Nimeuma katikati kwa meno, nimeipasua. Latifu amenishangaa: "Eh, Maman! Nguo nzuri hivi?" Nimemupa kipande chenye ule ukingo wa zamani. "Upitishe. Na umwambie mukecuru kipande kingine niko nacho mimi. Anayemubeba leo anachunga tu, kama yeye: mutoto ni wa mwenye kipande hiki."

Amenitazama. Hakufanya mzaha. Ameita mwenzake, ameipitisha na maneno yake.

Naona njano inapanda. Imefika kwa jiwe kubwa. Inasimama — udongo umeshuka kidogo — inaendelea.

Simu ingali imefunguka. Mukecuru anasema na Mama, polepole, kama mutu anafundisha. Mama anasema, "Haya, tunamungoja Kamembe."

Ingabire amenyamaza. Ukingo mupya uko mukononi mwangu, nyuzi zingali zinaning'inia.